Nyumba ya Msonge ya Wachagga

Nyumba hii ni ya miteremko ya Mlima Kilimanjaro, chini ya msitu, ambako mvua ni nyingi na usiku una baridi kali. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1967, huhifadhi nyumba za asili za jamii mbalimbali za Tanzania, ikiwemo hii.

Ujenzi
Nguzo na fito zilifungwa kwa kamba, kisha nyumba iliezekwa kwa nyasi au majani makavu ya migomba. Paa lilishuka karibu na ardhi ili maji yateremke haraka na joto libaki ndani.

Ndani
Upande mmoja walilala watu, upande mwingine ng'ombe na mbuzi. Mifugo ilikuwa salama, ikaongeza joto, na samadi yake ikarutubisha migomba. Juu ya mafiga kulikuwa na dari ya kuwekea kuni na chakula; moshi ulivikausha na kufukuza wadudu.

Kihamba
Nyumba ilikuwa ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo: ilizungukwa na migomba, na baadaye kahawa, chini ya miti mirefu. Mifereji ilileta maji kutoka mito ya msituni, na watu waliyagawana kwa zamu. Mmea uitwao masale ulioteshwa kwenye mipaka. Jani lake hupelekwa kuomba msamaha.

Leo
Matofali na mabati yamechukua nafasi ya nyasi, lakini kihamba bado ni kiini cha ukoo. Kila Desemba, wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Dar es Salaam, wenye asili ya Kilimanjaro hurudi huko kula sikukuu na jamaa zao.