Timu ya Akron na Mwaka wa 1920

Ewe msomaji, historia ya michezo aghalabu husimuliwa kwa hesabu: nani alishinda, nani alishindwa, na kwa alama ngapi. Hesabu hizo ni za kweli, lakini si ukweli wote. Nataka ulione jambo hili katika kisa cha timu moja ya mpira wa Kimarekani na mwaka mmoja tu wa maisha yake.

Kwanza uujue mchezo wenyewe. Ni ndugu wa raga: mpira wake una umbo la yai, nao huchukuliwa mikononi. Watu 11 hukabiliana na watu 11. Avushaye mpira mstari wa mwisho wa wapinzani huipatia timu yake alama 6. Aupigaye teke ukapita juu ya mwamba wa goli huipatia alama 3. Zamani hizo mchezo huu uliheshimiwa katika vyuo vikuu, bali walioucheza kwa ujira walidharauliwa. Mchezaji aliweza kuchezea timu moja juma hili na nyingine juma lijalo, kwa kufuata mlipaji.

Ili kuondoa mchafuko huo, wenye timu walikutana tarehe 17 Septemba 1920 katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, ndani ya duka la magari la Ralph Hay. Viti havikutosha, wakaketi juu ya vikanyagio vya magari. Hapo wakaunda chama, na rais wake akawa Jim Thorpe, mchezaji mashuhuri aliyetoka katika wenyeji wa asili wa Marekani. Chama hicho ndicho kilichoitwa National Football League tangu mwaka 1922.

Miongoni mwa timu hizo ilikuwamo Akron Pros, ya mji wa Akron uliosifika kwa viwanda vya matairi. Mnamo tarehe 3 Oktoba iliifunga timu ya Wheeling 43–0. Juma lililofuata ikaifunga Columbus 37–0. Canton ya Jim Thorpe ilishindwa mara mbili, 10–0 na 7–0. Cleveland peke yake iliweza kuifunga Akron, nayo ikapata alama 7 tu, katika mchezo uliokwisha 7–7. Katika michezo 11 Akron ilishinda 8, ikatoka sare 3, wala haikushindwa hata mara moja.

Sasa tazama nyuma ya hesabu hizo. Mkimbiaji hodari wa Akron alikuwa Fritz Pollard, mtu mweusi, mzaliwa wa Chicago, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Brown. Katika chama kizima mwaka ule, weusi walikuwa wawili tu: yeye na Bobby Marshall wa Rock Island. Pollard alisimulia baadaye kwamba, kwa sababu ya chuki ya watazamaji, hakuvalia pamoja na wenzake, bali katika kiwanda cha sigara cha mmoja wa wenye timu, kisha akapelekwa uwanjani. Alipoangushwa aligeuka chali upesi na kuinua miguu yenye viatu vya njumu, ili wanaotaka kumrukia kwa nia ya kumuumiza wajihadhari. Fikiri, msomaji: alishangiliwa kwa alama alizoleta, na papo hapo alilazimika kuingia uwanjani kwa hadhari.

Mchezo wa mwisho ulichezwa Chicago tarehe 12 Desemba dhidi ya Decatur Staleys ya George Halas, mbele ya watazamaji wapatao 12,000. Ukaisha 0–0. Decatur na Buffalo nazo zikadai ubingwa. Hapakuwa na mchezo wa fainali, basi shauri likaamuliwa mkutanoni tarehe 30 Aprili 1921, na Akron ikatangazwa bingwa. Kombe waliyopewa halijulikani lilipo hadi leo.

Mwaka 1921 Pollard akawa pia mwalimu wa timu, mtu mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo katika chama hicho. Mwaka huohuo alijiunga nao Paul Robeson, ambaye baadaye alisoma Kiswahili huko London, na katika filamu ya mwaka 1935 aliigiza pamoja na Jomo Kenyatta.

Ungetazamia kwamba mlango uliofunguliwa hivyo ungezidi kupanuka. La. Tangu 1934 hadi 1945 hakuonekana mchezaji mweusi hata mmoja katika chama hicho, walirejea 1946. Mwalimu mkuu mweusi hakupatikana tena mpaka Art Shell, mwaka 1989. Pollard alifariki 1986. Jina lake liliingizwa katika jumba la wachezaji mashuhuri mwaka 2005, nalo jumba hilo liko Canton, mji uleule wa duka la magari.

Kwa hiyo, usomapo kwamba timu fulani ilishinda michezo 8 na kufungwa alama 7, usifunge kitabu hapo. Uliza pia ni nani walioruhusiwa kucheza, na walivalia wapi. Haki iliyopatikana jana yaweza kupotea kesho, kama alivyoona Pollard kwa macho yake. Nayo haijilindi yenyewe, bali hulindwa na watu waikumbukayo.