Mlezi Alipokwenda Shule

Januari moja, mvua zikiwa zimekolea, nilisimama kando ya barabara pale Peramiho nikiwatazama akina mama wakipita na majembe begani. Wengi walikuwa wamewashika mkono watoto wa miaka 3 au 4, waliovaa sare zinazowazidi mwili. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini anamwahisha mwanawe shule. Alinijibu kwamba hampeleki kusoma, anampeleka akae salama. Yeye anakwenda kupalilia mahindi, na nyumbani hakuna mtu.

Jibu hilo linatusuta sisi wasomi tunaodai kwamba wazazi wa leo wamepagawa na Kiingereza na mashindano ya mitihani. Hayo yapo, hasa mijini. Lakini kwa vijiji vya Songea, chanzo kitafutwe katika historia ya kazi.

Wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, na shule ikawa sehemu ya utume wao. Hata hivyo, shule ilimsubiri mtoto akue. Mdogo alibaki kuwa wa nyumbani. Wakati wa utawala wa Waingereza, Songea iligeuzwa hazina ya vibarua. Wanaume wengi walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, nyuma wakabaki wanawake na jembe. Tumbaku, iliyouzwa kupitia ushirika wa NGOMAT ulioanzishwa mwaka 1936, nayo ilidai mikono mingi. Mama aliwezaje kulima na kulea? Aliweza kwa sababu alikuwa na bibi wa mtoto, na zaidi ya hapo alikuwa na binti wa miaka 8 au 9 aliyembeba mdogo wake mgongoni kutwa. Wahenga walishasema: mkono mmoja haulei mwana.

Novemba 1974, Azimio la Musoma liliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Lilikuwa jambo jema, nami ni zao lake. Lakini swali moja halikupata jibu: yule binti akishaingia darasani, nani atabaki na mtoto? Ada za shule za msingi zilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, swali hilo likabisha hodi tena. Shule ilimchukua mlezi kwanza, mtoto akamfuata.

Dola haikuwa imelala. Mwaka 1981 ilitungwa sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana, na wengi wetu tunalikumbuka darasa la vidudu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikaitambua rasmi elimu ya awali. Ile ya 2014 ikaiingiza katika elimumsingi. Msomaji atazame maneno yenyewe: sheria ya 1981 ilizungumzia kulea, sera zilizofuata zikazungumzia elimu. Mama aliomba mlezi, akapewa darasa.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Darasa la awali hufungwa mapema, ilhali jembe hurudi alasiri. Mtoto wa miaka 3, ambaye bado anahitaji uji, usingizi na michezo, anakalishwa kwenye benchi kunakili herufi, kwa sababu kituo kisichoonyesha daftari huonekana hakifanyi kazi.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imelirudisha neno malezi mezani. Naipongeza. Kipimo chake, hata hivyo, kitakuwa kijijini: je, yupo mtu mzima, aliyefunzwa na anayelipwa, atakayekaa na mtoto mpaka mama arudi shambani?

Katika historia yetu kazi hiyo ilifanywa bure na wasichana. Tukikataa kuilipia leo, msimu wa palizi utakapowadia atakayekosekana darasani ni yule yule binti tuliyejigamba kumwandikisha.