Mchapishaji na riziki ya mtunzi: Mfano wa Mombasa

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka wa 1840, hakupata hata senti kutokana na diwani yenye jina lake. Tungo zake zilidumu vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor walipozikusanya mwishoni mwa karne ya 19. Kitabu chenyewe, kilichohaririwa na William Hichens, kilichapishwa Johannesburg mwaka wa 1940.

Watunzi wa kisiwani waliomfuata walitia saini mikataba. Tawi la Nairobi la Oxford University Press lilitoa Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwaka wa 1971 na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla mwaka wa 1973.

Katika mpango huo mchapishaji hugharimia uhariri, upigaji chapa na usambazaji, naye mtunzi hulipwa mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya mauzo, ambayo mara nyingi huwa asilimia 10. Lakini asilimia 10 ya nini? Tuseme kitabu kinauzwa Sh500. Mrabaha ukikokotolewa kwa bei ya dukani, mtunzi hupata Sh50 kwa kila nakala. Ukikokotolewa kwa fedha zinazomfikia mchapishaji, baada ya mwenye duka kupunguziwa asilimia 30, hupata Sh35. Kwa nakala 1,000, tofauti hiyo ni Sh15,000, na chanzo chake ni neno moja tu katika mkataba ambalo wengi hulipita bila kulisoma.

Isitoshe, mrabaha huja baada ya mauzo. Msaada hasa wa mchapishaji ni malipo ya awali, yanayokatwa baadaye kutoka kwa mrabaha, kwa kuwa hapo naye hubeba hasara kitabu kisiponunuliwa. Washairi huyapata kwa nadra. Soko kubwa ni shule, na diwani isiyoteuliwa kutahiniwa huuzwa polepole mno.

Tuzo nazo husaidia. Sauti ya Dhiki ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka wa 1974, ilhali tungo zake ziliandikwa gerezani, mtunzi akiwa kifungoni chini ya serikali ya Kenyatta huyo huyo. Tuzo hiyo husimamiwa na chama cha wachapishaji. Ile ya Mabati-Cornell, iliyoasisiwa mwaka wa 2014, ilitegemea fedha za kampuni ya mabati.

Hakimiliki ya maandishi nchini Kenya hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, hivyo warithi wana haki ya kudai hesabu. Kwa kipimo hicho, muda wa warithi wa Muyaka ungekuwa umekwisha mwaka wa 1890.