Duka la Nyuma ya Gazeti

Johann Carolus alikuwa fundi wa kujalidi vitabu mjini Strasbourg. Pembeni ya kazi hiyo alifanya biashara ndogo ya habari. Kila wiki alipokea barua kutoka miji mikubwa ya Ulaya zikieleza nani kafa, nani kaanza vita na mzigo gani umefika. Alizinakili kwa mkono na kuwauzia matajiri wachache walioweza kulipa. Kunakili kulichosha na kulikula muda. Alipopata mtambo wa kuchapia, akaanza kuzichapa, na mwaka 1605 akaliandikia baraza la mji barua ya kuomba kwamba yeye peke yake ndiye aruhusiwe kufanya hivyo. Baraza likakataa. Nakala za gazeti lake za mwaka ule zimepotea, na za kale zaidi zilizobaki ni za 1609. Barua ya maombi ndiyo iliyosalia, na kwa sababu yake Carolus anatajwa kuwa mchapaji wa gazeti la kwanza duniani.

Basi hati inayotujulisha kuzaliwa kwa gazeti ni ya mfanyabiashara anayelalamika kuwa wenzake watamharibia soko. Mimi huishi kwa kuandika kwenye mtandao, na kila ninaposikia watu wakisema zamani habari zilikuwa utumishi mtupu na biashara imeingia juzi tu, humkumbuka fundi huyu. Tangu mwanzo, mtu aliyeandika habari kwa jina lake na kwa akili yake alikuwa na duka jingine nyuma. Duka lile ndilo lililomlisha, na mara nyingi ndilo lililoamua ataandika nini.

Waliomtangulia Carolus walikuwa na duka kubwa kuliko lake. Ndugu wawili wa ukoo wa Fugger wa Augsburg, wenye benki na migodi, walikusanya maelfu ya barua za habari kati ya 1568 na 1605. Barua hizo zimehifadhiwa Vienna hadi leo. Kwao habari ilikuwa sehemu ya mtaji, maana mtu aliyekopesha wafalme alihitaji kujua mapema mfalme yupi anaelekea kushindwa. Huko London, mwishoni mwa karne ya 17, Edward Lloyd aliuza kahawa kwa manahodha na wenye meli. Aliona kuwa wateja wake walikuja kuchukua habari za bandarini kuliko kahawa yenyewe, akaanza kuwachapia. Kutokana na kilinge kile likatokea soko la bima linaloitwa Lloyd's mpaka leo, na gazeti la meli, Lloyd's List, lililoanza mwaka 1734.

Mtu aliyebadili hesabu ni Benjamin Day, kijana mchapaji wa New York ambaye mtambo wake ulikuwa umekosa kazi. Magazeti ya mji ule yaliuzwa senti 6 na kusomwa na wafanyabiashara wakubwa. Septemba 1833 Day alitoa The Sun kwa senti 1 tu, akawapa watoto waliuze barabarani. Senti ile haikutosha kulipia gharama, na Day alilijua hilo. Alichokuwa akiuza hasa ni idadi ya wasomaji wake, na mnunuzi alikuwa mwenye tangazo. Miaka miwili baadaye gazeti lake lilichapa mfululizo wa habari za uongo kuhusu viumbe wenye mabawa wanaoishi mwezini, na lilinunuliwa kwa fujo. Kila anayelaumu simu za mkononi kwa vichwa vya habari vya kughilibu ajue kuwa ugonjwa huu ulikwisha kuwapo mwaka 1835, pale gazeti lilipoanza kulipwa kwa wingi wa macho.

Pwani yetu haikuchelewa. Mwaka 1902 mjini Mombasa A. M. Jeevanjee alianzisha gazeti la African Standard. Huyu alikuwa mkandarasi Mhindi mzaliwa wa Karachi, aliyetajirika kwa kuleta vibarua na chakula cha wajenzi wa reli ya Uganda. Meli, nyumba na kandarasi ndizo zilizokuwa duka lake la nyuma, na gazeti lilikuwa mkono wa kutetea maslahi hayo. Mwaka 1905 aliliuza kwa Waingereza, likaitwa East African Standard, kisha likahamia Nairobi na kuwa sauti ya walowezi, watu walewale waliopinga Wahindi kumiliki ardhi ya milimani. Sijui kama kuna mwenye gazeti mwingine katika eneo hili aliyelipwa ubaya wa namna hiyo na chombo alichokizaa mwenyewe.

Magazeti ya Kiswahili ya siku zile yalikuwa na walezi wengine. Kiongozi, lililotoka Tanga kuanzia 1904, lilitegemea shule ya serikali ya Wajerumani. Mambo Leo la mwaka 1923 lilikuwa la idara ya elimu ya Waingereza. Misheni nazo zilikuwa na yao. Yalifundisha watu wengi kusoma, yalichapa mashairi, yakapendwa sana. Lakini aliyeyatoa hakuhitaji faida, kwa hiyo hakuwa na haja ya kumwogopa msomaji.

Kinyume cha hao ninamweka Erica Fiah, mtu anayestahili kukumbukwa na kila mwenye tovuti Dar es Salaam. Alikuwa Mganda aliyehamia mji huu na kufungua duka. Mwaka 1934 alianzisha chama cha ustawi na biashara cha Waafrika wa Tanganyika, na mwaka 1937 akatoa gazeti lake mwenyewe, Kwetu, gazeti la kwanza la Kiswahili nchini kumilikiwa na Mwafrika. Hakuwa na misheni wala idara nyuma yake. Alikuwa na duka, fikra za Marcus Garvey, mpigania haki za watu weusi, alizokuwa amezisoma, na hasira ya mtu anayeona wenzake wakinunua kila kitu na kutouza chochote. Kwetu lilikuwa na habari na malalamiko, likahimiza Waafrika wafanye biashara, na juu ya yote lilikuwa na maoni ya Fiah, bila kujificha. Serikali ililitazama kwa jicho kali.

Ukiondoa karatasi, hiyo ilikuwa blogu. Mtu mmoja mwenye biashara ndogo, anayeandika anachokiona na anachokiamini, akitumaini wasomaji watamchangia na wenye maduka watatangaza. Tatizo la Fiah ni kwamba wafanyabiashara Waafrika ambao wangetangaza kwake ndio haohao aliokuwa akiwaombea wapatikane. Alijikongoja hadi 1951, na miaka 14 kwa hali ile ni ushujaa.

Baada yake siasa ikachukua nafasi ya duka. Nyerere alishtakiwa mwaka 1958 kwa maneno aliyoyaandika katika Sauti ya TANU, gazeti la chama chake, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Chama na serikali vilipoungana, magazeti nayo yakaungana. Daily News ilizaliwa mwaka 1972 kwa kuunganisha magazeti mawili. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, na waliomiliki vyombo vipya walitoka wapi? Reginald Mengi alikuwa mhasibu aliyeanza biashara kwa kuunganisha kalamu za wino, akaingia kwenye soda, kisha ndipo zikaja Nipashe, The Guardian na ITV. Kalamu na soda zilitangulia habari.

Mtandao ulikuja na ahadi kwamba mambo haya yamekwisha. Hakuna karatasi, hakuna mtambo, basi hakuna haja ya mlezi. Lakini tazama walioanzisha. Dave Winer, ambaye blogu yake Scripting News ya 1997 ni miongoni mwa za mwanzo kabisa, alikuwa akitengeneza na kuuza programu za kompyuta. Blogger, chombo kilichowafungulia mlango mamilioni ya waandishi mwaka 1999, kilikuwa kazi ya pembeni ya kampuni ndogo iliyokusudia kuuza programu ya kusimamia miradi. Google iliinunua mwaka 2003, na mwaka huohuo ikaanzisha AdSense, mpango wa kuweka matangazo kwenye tovuti yoyote. Hesabu ya Benjamin Day ikarudi, safari hii ikiwa mikononi mwa kampuni moja.

Mfano mzuri kuliko yote ni Michael Arrington. Alikuwa mwanasheria, na mwaka 2005 alianza kuandika kuhusu kampuni changa za mtandao katika blogu aliyoiita TechCrunch. Alikuwa mkali na mwenye haraka, na aliwekeza fedha zake katika baadhi ya kampuni za aina hiyohiyo. Alisema wazi kuwa anawekeza. Wasomaji walikubali, kwa sababu mtu aliyekaa ndani ya biashara alijua mambo ambayo mwandishi wa nje hakuyajua. Kampuni ya mtandao ya AOL ilinunua blogu hiyo mwaka 2010. Mwaka uliofuata Arrington alianzisha mfuko wa uwekezaji, ukazuka ugomvi juu ya maslahi yanayogongana, akaondoka. Ninavyoona, Arrington na AOL wote wawili walikuwa na haki. Alichokifanya hakikubaliki kwa mhariri wa kampuni kubwa. Lakini AOL ilikuwa imenunua nini, kama si mtu anayeandika akiwa amekaa kwenye meza ya wawekezaji?

Huku kwetu Ndesanjo Macha alikwisha kuanza kublogu kwa Kiswahili mwaka 2004 katika Jikomboe. Mwaka uliofuata, mkutanoni Helsinki, alimshawishi mpigapicha wa Daily News, Issa Michuzi, aanze yake. Picha za harusi, misiba, viongozi na mechi zikawa zinafunguliwa kila asubuhi na Watanzania wa London na Houston kabla hawajanywa chai. Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipokataza matangazo ya moja kwa moja, watu walikimbilia blogu ya mwanasheria Ory Okolloh, na kutokana na wazo lake Januari 2008 likazaliwa jukwaa la Ushahidi. Michuzi alikuwa na mshahara wa kazi yake. Okolloh alikuwa na taaluma yake. Karibu kila blogu ya miaka ile iliyodumu ilibebwa na mshahara uliotoka kwingine.

Waliojaribu kuishi kwa matangazo peke yake wanaijua shida. AdSense hailipi mpaka salio lifike dola 100, na kwa blogu ndogo ya Kiswahili kiasi hicho huja polepole. Mwenye kampuni ya hapa mjini naye akikubali kutangaza, ankara hukaa. Niliwahi kusubiri malipo ya tangazo moja mpaka bidhaa yenyewe ikaondolewa sokoni. Halafu mwaka 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni Tanzania. Kuomba leseni shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na ada ya mwaka 1,000,000 nyingine. Jumla milioni 2.1 kwa mtu ambaye pengine hakuwa ameingiza hata laki tatu. Jamii Forums ilizima mitambo kwa muda mwezi Juni, na blogu nyingi ndogo zilikaa kimya. Waliobaki ni wenye duka la nyuma, kama ilivyokuwa siku zote.

Silalamikii duka lenyewe. Carolus, Day na Fiah wote walikuwa wauzaji, na bila uuzaji wao tusingekuwa na gazeti. Ninachotaka ni duka lijulikane. Mwandishi aseme nani anamlipa, ana hisa wapi, na tangazo liitwe tangazo. Na msomaji naye achangie, kwa kuwa kile alichokikosa Fiah tunacho: tangu 2008 Mtanzania anaweza kumtumia mwenzake fedha kwa M-Pesa akiwa amekaa barazani. Kama yuko mtu mmoja anayeandika peke yake, na kila asubuhi unafungua kwake kabla ya kwingine, mtumie hata elfu moja kwa mwezi. Usipomlipa wewe, atalipwa na mwingine, na huyo mwingine hatasahau kwamba amelipa.