Ovadrafti

Ovadrafti ni mkopo wa benki wenye kikomo kilichokubaliwa. Mteja huchota kiasi anachohitaji, hurejesha, kisha huchota tena bila kuandika maombi mapya. Riba hutozwa kwenye fedha iliyochotwa tu. Kwa mfano, mwenye kikomo cha shilingi 2,000,000 akichota 600,000 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, riba ya mwezi huo ni shilingi 9,000. Ada ya kuandaa mkopo huwa pembeni, na kikomo hupitiwa upya, aghalabu kila mwaka.

Asili

Mwaka 1728 Royal Bank of Scotland mjini Edinburgh ilimruhusu mfanyabiashara William Hog kuchukua hadi pauni 1,000 zaidi ya salio lake.

Matumizi katika kilimo

Kwa mfano, wakulima wa kata ya Nduruma, kusini-mashariki mwa jiji la Arusha nchini Tanzania, hulima mahindi, maharage na mboga, na mto Nduruma unaoshuka kutoka Mlima Meru hulisha mifereji ya mashamba. Mbegu, mbolea, dawa na vibarua hulipiwa miezi kadhaa kabla ya mavuno. Kwa kazi ya namna hii ovadrafti inafaa kuliko mkopo wa marejesho ya kila mwezi: mkulima huchota kwa awamu, na deni hushuka mara mazao yakiuzwa.

Kikwazo kizito ni dhamana. Hati ya hakimiliki ya kimila, itolewayo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mara nyingi hupokelewa na benki kwa kusitasita. Benki pia hutaka kuona mauzo yakipita kwenye akaunti, ilhali mazao mengi hulipwa taslimu shambani. Ndiyo maana wakulima wadogo hukimbilia vyama vya akiba na mikopo (SACCOS), vikundi vya VICOBA, au pembejeo za kukopa dukani. Wakikwama huangukia mikopo ya *kausha damu*, ambayo riba yake ya kikatili imeacha familia nyingi bila vyombo vya ndani.

Kwenye simu

Ovadrafti hupatikana pia kwenye simu. Nchini Kenya, kampuni ya simu ya Safaricom ilianzisha ovadrafti ya Fuliza Januari 2019 pamoja na benki za KCB na CBA (sasa NCBA). Tanzania, Songesha ya Vodacom hukamilisha malipo ya M-Pesa pale salio linapopungua. Viwango vya kukopa ni vidogo, na gharama hupanda kadiri deni linavyokaa.

Tahadhari

Kikomo si kipato. Ovadrafti iliyotumika kwa ada ya shule au ujenzi hukaa imejaa mwaka mzima, na msimu wa kupanda humkuta mkulima hana cha kuchota.