Eastleigh: kutoka kadi ya waridi hadi simu

Mimi ni fundi wa cherehani, na nimenunua vitambaa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, tangu Garissa Lodge ilipokuwa gesti ya kulala. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi walipanga vyumba mle, wakauzia bidhaa humo humo walimolala. Hatimaye vyumba vikawa maduka. Sisi wateja tulishuka matatu namba 6, tukapigania bei, tukarudi nyumbani tukinong'ona: hawa pesa wanatoa wapi? Baadaye kodi za nyumba Nairobi zilipopanda, jibu likawa moja tu, uharamia wa baharini. Na vitambaa tuliendelea kununua.

Mnong'ono huo ulitangulia simu, na shaka yenyewe ilitangulia mnong'ono. Mwishoni mwa 1989 serikali ya Rais Moi iliwapanga foleni Wasomali, Wakenya kwa kuzaliwa, wakahojiwa ukoo wao na chifu wao. Aliyekubaliwa alipewa kadi ya rangi ya waridi, aibebe pamoja na kitambulisho. Mimi Mkenya mwenzao sikudaiwa kadi yoyote, wala sikumbuki jirani aliyeuliza kwa nini. Wao wangejibia wapi? Redio ilikuwa ya serikali.

Mwaka 2014 mahali pa kujibia palikuwapo. Miezi michache baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, milipuko ya Machi 31 iliua watu sita Eastleigh, na polisi wakaanza msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Kwenye kundi letu la WhatsApp zilimiminika picha za maiti, hakuna aliyejua zilipigwa wapi wala lini, na chini yake: warudi kwao! Lakini kwenye Twitter vijana wa Kisomali walitumia #KasaraniConcentrationCamp, wakieleza jinsi jamaa zao walivyozuiliwa na hongo zilizodaiwa. Walijibiwa kwa matusi, tena na watu waliotumia majina yao kamili. Zamani angalau tulinong'ona kwa haya.

Mei 2016 serikali ilitangaza kuifunga kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Tangazo hilo nililetewa mara nyingi siku hiyo hiyo, likiwa na vikatuni vya kupiga makofi. Februari 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuifunga ni kinyume cha katiba. Uamuzi huo hakuna aliyenitumia. Niliusikia redioni nikipiga pasi.