Malkia wa Udongo: Historia ya Karata Moja ya Picha

Wacheza karata wa pwani yetu, wakaapo barazani jioni, hutaja majina manne bila kuyafikiri: kopa, shupaza, pau na uru. Majina hayo, pamoja na neno karata lenyewe, tuliyapata kwa Wareno. Kopa ni vikombe, shupaza ni panga, pau ni magongo, na uru ni dhahabu. Lakini mtu aitazamapo karata ya uru haoni dhahabu. Aona kipande chekundu chenye pembe nne. Katika kopa haoni kikombe, bali moyo. Jina lasema hivi, picha yasema vile. Sababu yake ni kwamba Wareno walikuja kuzipokea picha za Kifaransa, lakini hawakuyaacha majina yao ya kale. Nasi tukayapokea majina hayo na kuyatunza. Mwanafunzi wa historia na asiyadharau maneno ya mchezo, kwani aghalabu huhifadhi mambo yasiyoandikwa kitabuni.

Tukiifuata dhahabu hiyo nyuma zaidi, twafika Misri ya masultani wa Mamluk. Katika jumba la makumbusho la Topkapı, Istanbul, zimo karata zilizochorwa kwa mkono yapata mwaka 1500, na ambazo mtaalamu Leo Mayer alizigundua mwaka 1931. Zina jamii nne: vikombe, panga, fimbo za kuchezea mpira juu ya farasi, na dirham, yaani fedha. Karata zake za wakuu hazina sura ya mtu. Zimeandikwa vyeo tu: mfalme, naibu wa mfalme, na naibu wa pili. Neno hilo naibu, tulitumialo hata leo katika ofisi zetu, ndilo lililowapa Waitalia na Wahispania jina la karata. Na tuone vema kwamba malkia hakuwamo. Ulaya ndiyo iliyomwongeza.

Taroti ilizaliwa Italia ya kaskazini katika karne ya 15. Kwa karata za kawaida waliongeza karata za picha zenye nguvu ya kuzishinda nyingine, wakaziita trionfi, maana yake ushindi. Kutokana na neno hilo Wareno walipata trunfo, nasi tukapata turufu. Mchezaji wa Mombasa au Unguja apigapo turufu, basi, atumia neno la ukoo mmoja na zile karata za watawala wa Milano zilizopakwa dhahabu. Jumla ya karata za taroti ni 78, na kwa zaidi ya miaka mia tatu kazi yake kubwa ilikuwa mchezo. Ni mwaka 1781 tu ambapo Mfaransa Antoine Court de Gébelin alidai kwamba ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya Mafarao. Hakuwa na ushahidi. Ajabu ni kwamba Misri ilikuwa na haki yake ya kweli katika historia hii, ile ya mafundi wa Mamluk, lakini ikapewa sifa ya uongo badala ya ile iliyoistahili.

Baada ya hapo karata zilianza kutafsiriwa. Wafuasi wa elimu za siri huko Ufaransa na Uingereza waliziunganisha jamii nne na asili nne za wahenga wa Kiyunani: moto, maji, hewa na udongo. Fedha ikawa udongo. Fikira hiyo si ngeni kwetu, kwa kuwa wanafalaki wa pwani nao huzigawa nyota kumi na mbili kwa asili hizo hizo. Thauri, Sumbula na Jadi ni nyota za udongo.

Sasa tumtazame malkia mwenyewe, kama alivyochorwa na Pamela Colman Smith kwa taroti iliyotolewa London mwaka 1909. Katika karata za kale za Milano, malkia huyu ameshika sarafu mbele ya ukuta wa dhahabu. Colman Smith alimtoa nje. Amemketisha kondeni, waridi zikimfunika juu, milima ikionekana kwa mbali. Fedha imegeuka duara lenye nyota ya pembe tano, naye amelipakata magotini kama mama apakatavyo mtoto, akiliinamia kwa macho. Kiti chake kimenakshiwa matunda na kichwa cha mbuzi. Mfalme wa jamii hiyo hiyo ana vichwa vya fahali kitini pake. Mbuzi ni Jadi, fahali ni Thauri. Mwanafalaki wa Lamu angezisoma alama hizo bila mkalimani. Askari wao amemsimamisha farasi wake mweusi mbele ya shamba lililolimwa, ambapo askari wa jamii nyingine wako mwendoni. Hivyo ndivyo mchoraji alivyousema udongo: kwa uzito, kwa utulivu, na kwa kazi ya jembe. Wenye kutafsiri humwita malkia huyu mlezi na mtunza mali. Sisi hatusemi kwamba karata yajua mambo ya kesho. Twasema kwamba maana hiyo iliwekwa pale na mkono wa mtu, na kwamba yaweza kuonyeshwa kwa kidole, alama baada ya alama.

Pembeni, chini upande wa kulia, pana sungura. Wengi husema ni ishara ya uzazi, na huenda ndivyo. Lakini mchoraji huyu aliishi Jamaika utotoni, na mwaka 1899 alichapisha hadithi za Annancy, yule buibui mwerevu ambaye watu wa Afrika Magharibi walivuka naye bahari wakiwa utumwani. Hatuthubutu kudai kwamba sungura yule ametoka katika ngano hizo. Hata hivyo, msomaji aliyelelewa na hadithi za Sungura na Fisi hawezi kumpita bila kumtupia jicho.

Kwa kazi yote hiyo Colman Smith alilipwa kidogo, na mwenyewe alilalamika hivyo katika barua ya mwaka 1909. Kwa miaka mingi karata zake ziliitwa kwa jina la mchapishaji, Rider, na la Arthur Edward Waite aliyeziagiza. Jina lake yeye limeanza kuongezwa baadaye sana. Alifariki Bude, Cornwall, mwaka 1951, akiwa na madeni. Lakini alikuwa na desturi ya kutia sahihi kazi zake: herufi tatu za jina lake, P, C na S, zilizosokotwa pamoja kama mzizi, nazo zingalipo katika picha zake hadi leo.